Anti, nimeitwa shuleni, kumbe anayeonea wenzake ni mwanangu

Shikamoo Anti,

Naomba usinicheke, na najua nitasemwa tu lakini acha niandike maana hapa nyumbani sina wa kumwambia. Kila siku nasoma barua za wazazi wanaolalamika watoto wao wanaonewa shuleni na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hao watoto waonevu hawana malezi, wazazi wao wako bize na simu, wamewaachia dunia iwalee. Sasa yamenikuta. Mtoto anayeonea ni wa kwangu.

Wiki iliyopita nikapigiwa simu na shule, nikajua kaumwa au kaanguka, nikaenda mbio hata mlango sikufunga. Kufika ofisini nakuta mama mwingine kakaa na kijana wake mdogomdogo hivi, kainamisha kichwa hasemi kitu, na wangu kasimama pembeni. Mwalimu akatoa karatasi, yaani walikuwa wameandika kabisa, akaanza kusoma. Muhula mzima mwanangu (ana miaka 11) na wenzake wanne wamekuwa wakimsumbua huyo mtoto. Ana kigugumizi, wakampa jina Redio Mbovu, darasa zima sasa linamwita hivyo. Wanamficha begi. Wamekataza mtu asikae naye, ukikaa naye na wewe unaingia kwenye mkumbo. Na la mwisho ndio limenimaliza, wamemfungia chooni wakati wa mapumziko, mmoja kashika mlango, mwingine anarekodi, mpaka mtoto wa watu akajikojolea, halafu hiyo klipu wakairusha kwenye grupu lao. Aliyesema shikilia mlango ni wangu. Sauti yake inasikika, nimeisikia mwenyewe.

Njiani narudi naye nikamuuliza kwanini, akaniambia mama tulikuwa tunatania tu, hata yeye alikuwa anacheka. Anti hilo neno halijanitoka kichwani mpaka leo.

Nikueleze kidogo na nyumbani. Ni mtoto mwenye heshima, anasalimia, anaosha vyombo bila kuambiwa, majirani wote wanamsifia. Ana kaka yake wa miaka 16, huyo ndio anamtania sana, anamwita Kibonge kwa vile alikuwa mnene, na sisi wote tumezoea kumwita hivyo, mwenyewe anacheka tu hajawahi kukasirika. Miaka 2 iliyopita tulihama na yeye akahamia hii shule, muhula wa kwanza alikuwa anarudi analia, wanamcheka sijui mwili sijui anavyoongea, baba yake akamwambia mwanaume halii, ukipigwa piga, usirudi hapa tena unalia. Na kweli akaacha. Akaanza kupata marafiki, tukashukuru, tukasema kijana kakomaa.

Sasa hivi baba yake anataka kumpa kipigo ambacho hatakisahau maisha. Wifi yangu anasema tumhamishe, ni marafiki wabaya ndio wamemharibu. Mwalimu kasema kosa moja tu tena anafukuzwa. Na mimi usiku silali nawaza mjomba wake ambaye alikuwa mkorofi sana, nasema labda ni damu. Anti nimekosea wapi? Ni sisi au ni hao marafiki? Nifanye nini?

Mama mwenye aibu

JIBU LA ANTI

Marahaba mdogo wangu. Pole. Sikucheki, na nakupa hongera ya kweli, maana barua za wanaoonewa hapa zinakuja kila wiki lakini ya mzazi wa anayeonea hii ni ya pili tu tangu nianze safu hii, na ukipiga hesabu wazazi wa hao wengine lazima wako mahali fulani wanasoma kimyakimya.

Kabla ya yote, ile klipu. Kama bado ipo kwenye simu ya mwanao au yako, usimtumie mtu yeyote hata kwa nia njema, hata wifi. Shule ikishaiona na kuandika kilichomo, ifutwe, na uhakikishe wale wazazi wanne wengine wanafuta kwenye simu za watoto wao, na shule iwasimamie watoto wote wa lile grupu wafute. Usisubiri kesho. Kila siku inayokaa kwenye grupu yule mtoto anafungiwa chooni upya.

Haya. Swali lako la damu nalipitia haraka maana halina kitu. Mtoto mkorofi wa damu hawezi kuwa na adabu jikoni kwako halafu akawa jemadari chooni shuleni. Anajua kabisa wapi afanye na wapi asifanye, na mtu anayechagua mahali pa kufanya jambo amejifunza kwamba pale linalipa. Kwahiyo twende huko, linalipa nini na nani kamfundisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili ndio nikashtuka, maana jibu umeliandika mwenyewe ila umeliweka mbalimbali hukuliona. Soma tena hapa: mwanao kasema "hata yeye alikuwa anacheka". Halafu mistari michache chini wewe umeandika kwamba anaitwa Kibonge na "mwenyewe anacheka tu". Umeona? Ni sentensi ileile. Mwanao hakukudanganya kwenye ile njia ya kurudi nyumbani, alikuwa anakueleza sheria anayoijua, kwamba mtu akichekwa na akacheka basi hakuna kosa lililofanyika. Sheria hiyo hakuipata kwa wale wanne, amekua nayo mezani kwenu. Na wewe mwenyewe umeiamini, si umeandika hajawahi kukasirika?

Mtoto anayechekwa na kundi anacheka kwa sababu hakuna mlango mwingine wa kutokea. Akilia wataongeza. Akikasirika ataambiwa hana utani. Akicheka angalau anaonekana ni mmoja wao kwa dakika mbili. Yule wa kigugumizi alicheka hivyo, na naweka mkono motoni kwamba Kibonge naye anacheka hivyohivyo.

Sasa sisemi utani ufutwe nyumbani, maisha yatakuwa makavu. Lakini utani una kwenda na kurudi, leo wewe kesho mimi, na mmoja akisema basi, inakuwa basi. Kijana wa miaka 16 na wa 11 hawalingani. Yule profesa Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa watoto huko Sweden na Norway miaka ya 1970, alitoa vipimo vitatu ambavyo mpaka leo ndio vinatumika: jambo limefanywa kwa makusudi, linajirudia, na anayefanyiwa hana nguvu sawa na anayemfanyia. Hilo la tatu ndio watu wanalisahau. Ngumi za watoto wawili wanaolingana ni ugomvi tu, utaamua yaishe. Jina moja dogo linalorudiwa kila siku kwa mtu asiyeweza kujibu, hilo ni jambo lingine kabisa.

Tuje kwa baba. Simtukani shemeji yangu, naamini alikuwa anaumia kuona mtoto wake anarudi na machozi na akampa dawa aliyopewa na yeye. Ila jiweke kwenye viatu vya mtoto wa miaka 9, shule mpya, hana rafiki, anachekwa mwili, amekuja nyumbani kwa watu wakubwa pekee anaowaamini na ameambiwa usirudi hapa tena unalia. Amesikia nini? Amesikia msaada haupo. Amesikia duniani kuna viti viwili tu, cha anayecheka na cha anayechekwa, na kama hukipendi chako kapambane upate kile kingine. Akaenda akapambana akakipata. Mkashukuru, mkasema kakomaa, hakuna aliyeuliza kakipataje. (Nisingeuliza na mimi, tusidanganyane. Mzazi aliyechoka akiona machozi yamekauka haulizi maswali.)

Na hapa niseme kitu ambacho watu hawapendi kusikia. Tunapenda kuamini mtoto muonevu ni yule asiyependwa, mpweke, mwenye matatizo yake. Wako hao, na wengine wanaonewa huku wao wakionea wengine, na hao ndio huwa wanaumia zaidi ya wote. Lakini wengi ni watoto wa kawaida tu wanaopanda ngazi. Mwaka 2011 wanasosholojia wawili wa Marekani, Robert Faris na Diane Felmlee, walitoa utafiti wa vijana shuleni wakakuta kadiri kijana anavyopanda umaarufu ndivyo anavyozidi kuumiza wenzake, mpaka anapofika kileleni kabisa, pale ndio anatulia kwa sababu hana tena wa kumpita. Walioko chini kabisa pia walikuwa hawaumizi sana, watamuumiza nani. Vurugu iko katikati ya ngazi, kwa wanaopanda. Mwanao alianzia chini kabisa, na kigugumizi cha mtoto wa watu ndio ngazi aliyoiona karibu.

Na kwanini kigugumizi? Maana watoto hawakai kikao wakaamua nani wa kudharauliwa, wanachukua tu orodha yetu. Sisi ndio tunaiga anavyoongea fulani akitoka sebuleni. Sisi ndio tunasema mbele yao yule masikini, yule mnene, yule mweusi sana, yule baba yake kakimbia. Kuna utafiti mkubwa wa 2009 uliolinganisha nchi 37, wakaona kwenye nchi ambazo pengo la matajiri na masikini ni kubwa, watoto wanaripoti uonevu mwingi zaidi shuleni. Mimi hilo halikunishangaza hata kidogo. Mahali ambapo wakubwa wanaishi kwa kupimana nani yuko juu ya nani, watoto watapimana kwa begi, kwa mwili, kwa ulimi unaokwama.

Marafiki nao je? Wifi yako ana nusu ya ukweli. Hao wanne hawajamharibu, lakini bila wao hakuna kitu. Watafiti wa Canada waliwahi kurekodi watoto kwa kamera na maiki wakiwa wanacheza uwanjani shuleni, wakakuta zaidi ya asilimia 80 ya matukio ya uonevu yalikuwa na watazamaji, watoto wenzao wamesimama wanaangalia. Na kilichonifurahisha, pale ambapo mtoto mmoja tu aliingilia akasema acheni, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikwisha ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Kwahiyo chukua ile klipu, usiangalie mwanao peke yake. Kuna aliyeshika mlango. Kuna aliyeshika simu. Kuna waliocheka, kuna walioangalia chini wakapita, kuna grupu zima lililopokea likatuma vikatuni vya kucheka. Toa vicheko vyote hapo halafu uniambie kimebaki nini, amebaki kijana mmoja amesimama nje ya choo anaonekana mjinga.

Na mimi nina langu hapa. Nilipokuwa darasa la tano kulikuwa na msichana mmoja tulimwita jina la mdudu. Sikumtungia mimi, sikumpiga, sikumfichia kitu. Nilicheka tu. Miaka yote hii nilijihesabu sikuwemo, mpaka nilipoanza kusoma barua zenu.

Kuhusu kuhama shule, basi, nakataa. Atafika kule mgeni, chini ya ngazi tena, na ngazi pekee anayoijua ndio hiyo. Na huku nyuma lile darasa litatafuta bosi mwingine, Redio Mbovu atabaki Redio Mbovu.

Kipigo pia nakataa na hapa sina lugha ya kubembeleza. Mkubwa mwenye nguvu anamfungia mdogo chumbani anamwumiza ili ajue adabu, na wengine wa nyumba wanasikiliza kimya. Si ndio kilekile cha chooni? Mwaka 1961 Albert Bandura, pale Chuo Kikuu cha Stanford, aliwaonesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa, baadaye wakawaachia watoto wale chumba chenye mwanasesere huyohuyo, wakampiga vilevile, wengine wakirudia hadi maneno aliyoyasema yule mkubwa. Baba yake anaweza akampiga, na mwanao atajifunza kweli, atajifunza asikamatwe.

Lakini usinielewe vibaya ukaenda ukamkumbatia yakaisha. Kuna mtoto alijikojolea mlango ukiwa umeshikwa. Mwanao alipe. Simu aiache, siyo wiki, mpaka pale mtakapoona anaaminika. Aende na wewe kwa mwalimu aseme kwa mdomo wake nini alifanya, yeye siyo "tulikuwa". Lile jina alilolitunga yeye na wenzake wakalizime hukohuko walikoliwasha, yaani akisikia mtu anaita Redio Mbovu yeye ndio wa kwanza kusema acha. Hiyo ndio adhabu nzito kuliko fimbo, maana inamgharimu kile alichokuwa anakitafuta. Kuomba msamaha sawa, ila siyo mbele ya darasa na siyo siku unayotaka wewe. Muulizeni yule mama, na mtoto mwenyewe, kama wanataka kuonana naye kabisa. Wakisema hapana ni hapana, aandike barua, ikae kwa mwalimu mpaka siku watakayoitaka.

Shuleni usiende kama mtuhumiwa anayeomba asifukuzwe. Nenda na wale wazazi wengine wanne kama watakubali, na muulize maswali. Wakati wa mapumziko ni mwalimu gani anapita vyooni? Muhula mzima darasa linamwita mtoto jina, hakuna aliyesikia? Watoto wakitaka kusema wanamwambia nani, bila kuitwa wambea? Norway mwaka 1983, baada ya vijana watatu kujiua na uonevu wa wenzao ukatajwa kuwa ndio chanzo, serikali ilianzisha kampeni nchi nzima, na katika shule za Bergen alizozifuatilia Olweus uonevu ulipungua karibu nusu ndani ya miaka miwili. Hawakufukuza watoto wabaya. Waliweka watu wazima viwanjani wakati wa mapumziko, wakaweka sheria chache za darasa zinazojulikana na kila mtu, wakawa wanakaa na darasa kuongea, wakawaita wazazi mapema. Vitu vya kawaida kabisa, ila vilifanywa na shule nzima siyo mwalimu mmoja mwenye huruma. Kumfukuza mmoja ni rahisi, na ndio maana shule nyingi zinapenda.

Nyumbani sasa. Kaka mtu muite peke yake, usimgombeze kama mhalifu, mwambie tu kwamba lile jina limekwisha na wewe mwenyewe ulikuwa unalitumia. Atasema mbona anacheka. Mweleze.

Na mwanao, tafuta siku mmekaa wawili, mnaosha vyombo hivyo anavyovipenda, umuulize kuhusu ule muhula wa kwanza. Waliokuwa wanakucheka ni nani, walikuwa wanasemaje, ulikuwa unakaa wapi wakati wa mapumziko. Hiyo stori aliikatishwa katikati miaka 2 iliyopita, aimalize. Usimlinganishe na yule mtoto, usiseme unaona sasa mwenzako alivyojisikia, utaharibu kila kitu. Sikiliza tu. Akifika mwisho atalinganisha mwenyewe, kama siyo siku hiyo basi wiki nyingine. Na akilia, mdogo wangu, baba yake awepo au asiwepo, mwache alie mpaka amalize.

Shemeji akikataa haya yote akisema ninamlea mtoto kike, mwambie aniandikie. Barua ya baba haijawahi kuja hapa hata moja, nitaijibu bila kuikata.

Anti